Seng'enge

Kampuni ya simu ilisema: mko mbali mno.
Nguzo moja ni fedha, na toka kituo cha reli hadi kwenu
ni nguzo mia nne na ushei, kwa nyumba saba za udongo
katikati ya uwanda wa Saskatchewan.
Wakafunga daftari.

Ila waya tulikuwa nao.
Tangu baba yangu, Tymofiy Harasym,
agombane na MacAra Mskoti juu ya hatua mbili za ardhi,
seng'enge ilitambaa toka kisimani petu hadi upeo wa macho,
mwiba kila shubiri,
na kila mwiba ulijua jina la mwenye kosa.

Ni Odarka, mjane, mkunga,
aliyesoma katika gazeti la mbegu kwamba sauti haichagui waya.
Akaagiza masanduku ya simu kwa posta,
akavunja chupa, shingo zake akazipigilia nguzoni
ili umeme usinywewe na mti uliolowa.
Penye malango tukaurusha waya juu,
mkokoteni wa nyasi upite chini.
Kilichochimbiwa ardhini kututenga
kikaanza kunong'ona.

Mlio mrefu na mfupi mmoja: kwa Odarka.
Mifupi mitatu: kwetu.
Lakini kengele ililia nyumba zote kwa pamoja,
na nani, katika miezi sita ya theluji,
angesikia kengele ya mwenzake akaendelea kumenya viazi?
Tulinyanyua. Tulishika pumzi.
Tulijua nani ana pumu, saa ya nani inakwenda mbele,
kuku wa nani ameingia jikoni.
Mama alishona kifuko cha sufi, akakivika mdomo wa chombo
ili sufuria zake zisimsengenye.

MacAra naye alisikiliza. Baba alimtambua kwa kikohozi;
yeye alimtambua baba kwa namna ya kunyamaza kwake.
Hawakusemeshana. Miaka minne
walikaa hivyo, sikio kwa sikio, uzio katikati.

Ng'ombe akiangusha nguzo, habari zilikatika.
Ndipo wanaume ambao ua waliuacha ulale chini msimu mzima
wakatoka na koleo usiku, kwa ajili ya umbea.

Na kila aliyenyanyua alikunywa kidogo sauti ya msemaji.
Hili hatukulijua hadi usiku ule wa Februari
mama alipotokwa na damu kabla ya mwezi wake.
Mimi nilishika taa. Baba akazungusha mkono wa simu,
mlio mrefu usiokatika,
mlio ambao hatukuwa tumekubaliana maana yake
na kila mtu akauelewa.
Nyumba sita zikanyanyua.
Baba alimwita Odarka kwa nguvu zote za kifua,
na sauti ikafika kama ya nzi ndani ya mtungi.
"Nani? Nini? Sema tena!"

Kisha kikohozi. Kisha MacAra:
"Wekeni chini. Nyote. Mwacheni mtu asikike."

Tik. Tik.
Tik, nyumba kwa nyumba,
na kwa kila tik sauti ya baba iliota mwili,
hata Odarka akasikia meno yake yakigongana.
Wa mwisho kuweka chini alikuwa MacAra.

Mtoto hakuishi. Mama aliishi.
Mpaka haukusogea hata kidole, na wale wawili
hawakusalimiana, si barabarani, si ghalani.
Ila sheria ilizaliwa, haikuandikwa popote:
mlio mrefu, anyanyue mmoja,
wengine wavae viatu.

Kampuni ilikuja baadaye, na nguzo zilizonyooka,
ikatuuzia siri, malipo kila mwezi.
Mama alilipa. Jioni ya kwanza akanyanyua chombo,
akasikiliza ule mvumo mtupu.
"Wamekwenda wapi?" aliniuliza.
Nikamwambia wako majumbani mwao.
Akakirudisha polepole, tik,
kana kwamba pana mtu, mahali fulani,
alihitaji nafasi.